ALIYEUMIA MGONGO ASOMESHWE, ASITUPWE



Mapatano mapya na waajiri yanakaribia, na kila tawi linaandika madai yake. Mshahara utatajwa, nyumba itatajwa, saa za ziada na likizo zitatajwa. Hayo yote ni haki yetu na tutayapigania. Lakini twataka kuongeza dai moja ambalo ni nadra kusikika mikutanoni, kwa sababu wenye shida yenyewe huificha wasije wakapoteza kazi. Dai hilo ni la mfanyikazi mwenye maumivu yasiyokwisha.

Ni nani huyo? Ni mtu wa godauni aliyebeba magunia tangu ujana wake, na sasa hawezi kuinama akafunga viatu bila kushika ukuta. Ni mama wa shamba la chai aliyechukua kikapu mgongoni miaka kumi na mitano, na leo bega halimruhusu kuinua sufuria. Ni dereva wa lori wa njia ya Mombasa mpaka Malaba, ambaye mguu wake wawaka moto kutoka kiunoni hadi kidoleni. Ni mwuguzi aliyeinua wagonjwa vitandani usiku baada ya usiku. Hawa hawakuzaliwa hivyo. Walikuja kazini wakiwa wazima, na kazi ndiyo iliyowaumiza.

Neno letu ni hili. Mfanyikazi ambaye mwili wake umekataa kazi ya zamani hajakwisha. Apelekwe kujifunza kazi nyingine, na apelekwe angali yumo kazini, jina lake likiwa katika orodha ya mshahara, si baada ya kutolewa nje ya geti. Na jambo hili liandikwe katika mapatano. Lisiachwe kwenye huruma ya meneja mwema, kwa maana meneja mwema huhamishwa.

MAUMIVU HAYA SI UVIVU

Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe, maana wako wanaoudhihaki. Madaktari huyahesabu maumivu kuwa ya kudumu yakipita miezi 3. Shirika la Afya Duniani limeyapa nafasi yake katika orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Shirika hilo lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno na mgongo wa chini, na kwamba hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi kuliko huo kufanya shughuli zao. Basi mwenye kuumwa mgongo si mtu wa ajabu, wala hayuko peke yake.

Huambiwa, "Picha ya eksirei haikuonyesha kitu." Lakini picha huonyesha mifupa, haionyeshi maumivu. Jeraha laweza kupona, na mishipa ya fahamu ikaendelea kupeleka habari ya hatari kwenye ubongo, mfano wa kengele ya moto iliyokwama ikalia hata baada ya moto kuzimwa. Anayesema kwamba anaisikia hadanganyi. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mwezi wa Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya mgongo ya kudumu. Lilishauri mazoezi ya viungo, lilishauri mgonjwa aelimishwe juu ya hali yake, na asaidiwe kuondoa hofu ya kujisogeza. Halikushauri mikanda ya kiuno iwe tiba ya kawaida, wala kuvutwa uti wa mgongo, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Yafaa wenzetu wa godauni wasikie hapa: ule mkanda mpana unaofungwa kiunoni hauponyi. Wala kulala kitandani wiki nzima hakuponyi. Mwili wenye maumivu wataka kusogea, kubadili mkao, na kufanya kazi inayolingana na nguvu zake. Kwa hiyo si kwamba mtu huyu hafai kazi yo yote. Ni kazi ile moja ndiyo haimfai tena.

UZITO ULIOTUFIKISHA HAPA

Gunia la kahawa ni kilo 60. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la mahindi, kwa desturi ya nchi yetu, ni kilo 90. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo unaobebwa na mwanamume mmoja mzima usizidi kilo 55, na kwamba pale unapozidi upunguzwe upesi. Sheria yetu ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamkataza mwajiri kumtwika mfanyikazi mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumwumiza. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mtu akipakia magunia 100 ya mahindi kwa siku moja, tani 9 zimepita juu ya mgongo wake. Akifanya hivyo siku 25, ni tani 225 kwa mwezi mmoja. Hata lori hupelekwa gereji likatazamwa kabla ya kuendelea na safari.

Wazee wetu wa Mombasa waligoma 1939. Wakagoma tena 1947, wakati ilipozaliwa African Workers' Federation na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Watu wa gati wakagoma tena 1955. Walidai mshahara wa kumtosha mtu na watu wa nyumbani kwake. Baadaye yakaja makontena, na kreni ikachukua shehena nyingi iliyokuwa ikibebwa kwa mabega. Wengi walipoteza kazi, na wengine walijifunza kazi mpya za mashine. Tulitazame jambo hilo vizuri. Mashine ilipobadilika, fedha za kuwafunza watu zilipatikana, na walimu walipatikana. Leo mwili wa mfanyikazi ukibadilika, kwa nini tuambiwe kwamba fedha hakuna?

Na wala mizigo ya mabegani haijakwisha. Nenda kwenye godauni, kwenye kinu cha unga, kwenye soko la jumla, mahali pa kujenga nyumba za ghorofa. Bado ni mtu na gunia.

NJIA WANAYOPITA WENZETU

Tuseme mtu ana miaka 41 na amebeba mizigo miaka 18. Maumivu yanaanza. Mwezi wa kwanza anameza vidonge vya dukani na kunyamaza. Vidonge hivyo, aina ya diclofenac na ibuprofen, vikimezwa kila siku kwa muda mrefu bila daktari huweza kudhuru tumbo na figo, naye hajui. Mwezi wa tatu anawapa wenzake kitu kidogo wamshikie upande mzito. Mwezi wa sita anakwenda hospitali. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa kila mfanyikazi aliyetimiza miezi 2 siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Hicho ndicho kiwango cha chini. Maumivu ya miaka hayamalizwi na siku 14. Anarudi kazini kabla ya wakati, nyapara anampa kazi nyepesi wiki mbili, halafu anaambiwa kazi nyepesi imekwisha. Kisha barua inakuja.

Kila mwanachama ayakumbuke mambo haya yafuatayo, kwa maana yamo katika sheria.

Mwajiri hawezi kumfukuza mtu kwa sababu ya kutojiweza kimwili bila kumwita, kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza mbele ya mfanyikazi mwenzake au mjumbe wa chama kazini. Usiingie chumba hicho peke yako. Mwite mjumbe wako.

Ukiumia kazini, toa habari siku hiyo hiyo, na iandikwe. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, ile tunayoiita WIBA, mwajiri apaswa kupeleka habari ya ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku 7 tangu alipoarifiwa, na madai ya fidia yaletwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Aliyepoteza nguvu zake zote za kazi kabisa huhesabiwa mapato ya miezi 96, na aliyepoteza sehemu huhesabiwa kwa kiasi cha sehemu hiyo. Mgongo ulioharibika polepole ni mgumu kuuthibitisha kuliko mguu uliovunjika siku moja. Kwa hiyo kila siku uliyoteguka, kila siku uliyoanguka na mzigo, iandikwe na upate nakala.

Na tena, Katiba ya 2010 inapoeleza maana ya ulemavu yataja hali ya mwili yenye athari kubwa au ya muda mrefu katika uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Haisemi kwamba ni lazima mtu awe na mkongojo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, yamtaka mwajiri afanye marekebisho yanayofaa ili mtu aweze kufanya kazi. Mwenye maumivu ya miaka aweza kwenda kupimwa katika hospitali ya serikali na kuomba kuandikishwa.

Sheria hizi ni ngao, na ni lazima tuzitumie. Lakini ngao haimpi mtu chakula cha miaka ishirini iliyobaki. Fidia ikilipwa, huingia katika karo, katika deni, katika kibanda cha duka, na ikiisha mtu bado ana miaka 43, mgongo ule ule, wala hana kazi anayoijua isipokuwa ile aliyokatazwa na daktari. Ndiyo maana twasema fedha pekee hazitoshi. Mtu apewe kazi nyingine ya mikono yake na akili yake.

JE, MTU MZIMA AWEZA KURUDI SHULE?

Wenzetu husema, "Mimi niliacha shule zamani. Nitakaa darasani na watoto wangu?" Jawabu letu ni kwamba njia ziko, na si zote zaanza kwenye dawati la kwanza.

Njia ya kwanza ni mitihani ya ufundi ya serikali inayosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda, yaani NITA. Mitihani hiyo ina daraja tatu, Gredi III, II na I, na hupima kile ambacho mkono wa mtu waweza kufanya. NITA ina vituo vya mafunzo Nairobi, Mombasa na Kisumu, miongoni mwa vingine.

Njia ya pili ni kutambuliwa kwa ujuzi ambao mtu tayari anao. Mwaka 2024 serikali ilizindua sera ya jambo hili. Maana yake ni kwamba mtu aliyejifunza kazi kwa kuifanya, bila kuhudhuria chuo, aweza kupimwa na wapimaji na kupewa cheti kwa yale anayoyajua. Fikiri juu ya mtu wa godauni wa miaka 18. Ajua jinsi ya kupanga shehena isianguke, ajua ni bidhaa gani haziwekwi karibu na nyingine, ajua mlango upi huingiza maji wakati wa masika. Hayo ni maarifa. Yakiandikwa kwenye cheti, aanzie katikati ya njia, wala si mwanzo.

Njia ya tatu ni vyuo vya ufundi na masomo ya watu wazima, kwa yule anayehitaji hesabu, kusoma na kuandika vizuri zaidi, au kompyuta.

Na fedha? Sikilizeni jambo ambalo si wote walijualo. Mwajiri hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyikazi wake, kuwa mchango wa mafunzo ya viwanda. Mwenye wafanyikazi 400 hutoa shilingi 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka. Akiomba kibali kabla ya mafunzo na kufuata taratibu za NITA, aweza kurudishiwa sehemu ya gharama za kuwafunza watu wake. Basi fedha zimekwisha kutolewa kwa jina lako wewe. Mjumbe wako na aulize katika mkutano na mwajiri: mwaka uliopita mafunzo hayo yalikuwa ya nani? Je, hata mtu mmoja wa kubeba mzigo alikuwemo?

Historia ya vyama vyetu yenyewe ni historia ya wafanyikazi waliosoma. Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya katika mji wa Nairobi. Mwaka 1955, akiwa tayari kiongozi wa vyama vya wafanyikazi, alikwenda kusoma Ruskin College, Oxford, chuo kilichowekwa kwa ajili ya watu wa kazi. Leo chuo cha wafanyikazi kilichoko Kisumu chaitwa kwa jina lake. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu mwenye kazi hana haja ya darasa.

KUSOMA PAMOJA NA MAUMIVU

Lakini tusidanganyane. Mwenye maumivu akipelekwa darasani na kuketishwa kwenye benchi saa tatu bila kusimama, ataacha masomo kabla ya mwezi kuisha, na watu watasema hakuwa na bidii. Masomo yapangwe kwa mujibu wa mwili wake. Aruhusiwe kusimama nyuma ya darasa kila baada ya nusu saa. Apewe kiti chenye mgongo, au meza ya juu ya kusomea akiwa wima. Masomo yagawanywe katika sehemu fupi, ili wiki mbaya ya maumivu isimpotezee mwaka mzima. Chuo kielezwe mapema, na muda wa ziada wa mtihani uombwe mapema, kwa cheti cha daktari, isiwe asubuhi ya mtihani. Na saa ya mazoezi ya viungo isitolewe sadaka kwa ajili ya kitabu, maana bila hayo mazoezi hata kitabu hakisomeki.

Tena asiambiwe asome usiku baada ya kutwa ya kazi. Mzima mwenyewe hulala juu ya daftari, sembuse aliyekesha kwa maumivu? Na mama wa kazi, ambaye akirudi nyumbani bado ana maji, kuni na watoto, darasa la usiku si lake kabisa. Ndiyo sababu twataka saa za masomo zitoke katika saa za kazi. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1974 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Nambari 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo, na Kenya iliukubali 1979. Mkataba huo umekaa miaka mingi. Wakati umefika utumike.

Neno jingine ni juu ya kuchagua kazi mpya. Si kila kazi ya kuketi ni nyepesi. Kiti cha lori hutikisa uti wa mgongo kutwa nzima. Cherehani humwinamisha mtu. Kompyuta nayo, mtu akiikalia saa nane bila kuinuka, huumiza shingo na kiuno. Kazi inayofaa ni ile inayomwachia mtu kubadili mkao: kaketi kidogo, kasimama kidogo, katembea kidogo. Karani wa stoo, mtu wa mizani, msimamizi wa usalama kazini, fundi wa kutengeneza vyombo vidogo vya umeme, mwalimu wa kuwafunza wafanyikazi wapya jinsi ya kuinua mizigo. Kabla ya kuchagua, mtu akae na wafanyao kazi hiyo wiki mbili, auone mwili wake unasemaje, ndipo aandikishwe masomo.

Wala masomo hayaponyi mgongo. Tulisema wazi hili ili mtu asije akakata tamaa baadaye. Atakayepata cheti atabaki na siku za maumivu, na wako watakaoshindwa mtihani mara ya kwanza. Lakini mtu mwenye kazi inayomstahimili siku mbaya yuko mbali sana na mtu ambaye siku moja mbaya yamfukuzisha.

TUNAYODAI

Kwa ajili ya haya yote, twaomba kila tawi lizungumze na kupitisha madai haya sita, yaingie katika mapatano mapya.

1. Mfanyikazi atakayeleta cheti cha daktari cha maumivu yaliyozidi miezi 3 apewe kazi inayolingana na hali yake bila kupunguziwa mshahara, na uamuzi huo usiwe wa nyapara peke yake, bali wa mwajiri na mjumbe wa chama pamoja.

2. Apewe nafasi ya kujifunza kazi nyingine, pamoja na nusu siku mbili za masomo kila wiki zenye malipo, mpaka masomo yamalizike.

3. Ada ya masomo na ya mtihani ilipwe na mwajiri, naye aombe kurudishiwa katika mchango wa mafunzo.

4. Asifukuzwe wala asilazimishwe kujiuzulu kwa sababu ya maumivu hayo wakati angali anasoma, na kazi inayolingana na cheti chake ikitokea, afikiriwe yeye kwanza kabla ya mtu wa nje.

5. Gunia au mfuko wo wote unaobebwa na mtu mmoja usizidi kilo 50, na matoroli yaletwe pale ambapo hayapo. Ni kazi bure kumsomesha aliyeumia huku tukiendelea kuumiza wengine kumi.

6. Kibarua naye ahesabiwe. Sheria ya Ajira yasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja, kazi yake yageuka kuwa ya mkataba. Mgongo wa kibarua si wa mbao.

TUTAKAYOAMBIWA

Waajiri watasema watu watajifanya wagonjwa ili wapate kwenda shule. Twajibu: cheti cha daktari kipo, na mjumbe wa chama atakuwepo. Na hata hivyo, ni mfanyikazi gani atakayejitwika adhabu ya kuitwa mgonjwa mbele ya wenzake ili apate nusu siku ya hesabu na kompyuta? Watasema pia kwamba gharama ni kubwa. Twajibu: pigeni hesabu ya kumtafuta mtu mpya, kumfunza, kulipa fidia, na kumpoteza mtu aliyejua godauni yenu miaka 18. Kisha mlinganishe.

Lakini kuna maneno mengine yatakayotoka miongoni mwetu, na hayo yatuumiza zaidi. Wako watakaosema, "Mimi ni mzima. Kwa nini nguvu ya chama itumike kwa ajili ya mtu mmoja wa mgongo?" Ndugu, hata huyo wa mgongo alikuwa mzima, na alilipa ada ya chama mwezi kwa mwezi akiwa mzima. Chama si duka ambamo kila mtu hununua haja yake ya leo. Ni akiba ya siku ambayo hakuna aijuaye. Wewe unayebeba gunia leo bila shida, unapitisha tani zile zile alizopitisha yeye.

Na yale majina ya mzaha, "mzee wa cheti", "bwana kiuno", yakomeshwe. Kila mzaha wa namna hiyo humfundisha kijana anayeanza kuumwa kwamba afadhali anyamaze. Akinyamaza, ataletwa kwetu akiwa amechelewa, hana karatasi, hana shahidi, na miezi 12 ya kudai fidia imekwisha pita.

LA KUFANYA SASA

Kila mwanachama mwenye maumivu yaliyopita miezi 3 aende kwa mjumbe wake wa kazini. Habari zake zitashikwa kwa siri na hazitapelekwa kwa mwajiri bila ruhusa yake. Mjumbe aandike mambo manne tu: umri, miaka ya kazi, kazi anayoifanya, na kazi ambayo angependa kujifunza. Tusiulize tu mahali panapouma. Tuulize na anakotaka kwenda.

Mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi, sheria yataka kuwe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa wafanyikazi. Wajumbe hao waulize katika mkutano ujao uzito wa kila gunia na kila mfuko unaobebwa na mtu, na majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Matawi yapeleke orodha zote kwa katibu kabla ya mazungumzo kufunguliwa, ili watakaoketi mezani na waajiri wawe na hesabu mikononi.

Tukienda na malalamiko matupu tutapewa pole. Tukienda na hesabu, na sheria, na wanachama wote nyuma yetu, wazima kwa wagonjwa, tutapewa jawabu.

Umoja ni nguvu.